Waya wa shaba hadi semikondakta: kazi ya labo ndogo Lubumbashi

Katanga inajua kuvuta shaba kwa umeme tangu zamani. Shituru, kiwanda cha shaba cha Likasi, imejengwa juu ya kazi hiyo. Myeyusho wa shaba wenye asidi hutoa shaba tupu kwenye kathodi, yaani ncha hasi. Ufanye uwe wa alkali, na umeme uleule utakupa oksidi nyekundu ya shaba, Cu₂O, semikondakta ya aina ya p, yaani inayopitisha umeme kwa nafasi chanya zinazoachwa na elektroni.

Ubora unaamuliwa wakati wa kuyeyusha shaba ndani ya asidi. Chukua gramu 6.4 za waya mtupu, uliosuguliwa msasa mpaka varnishi yote imetoka. Waya uliopakwa bati uache. Asidi ya betri peke yake haiwezi shaba, inahitaji kioksidishaji. Weka waya kwenye mililita 25 za asidi hiyo, kisha ongeza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 20 kila mara, hadi jumla ya kama 200. Ukimwaga yote pamoja, ioni za shaba zinaivunja peroksaidi kabla haijafanya kazi, unabaki na mapovu tu. Fanyia nje, vaa miwani na glavu. Shaba ikiisha, chuja, chemsha hadi mililita 100: peroksaidi iliyobaki inakwisha hapo.

Sasa tia mililita 66 za asidi ya laktiki ya asilimia 85. Usiiruke hatua hii. Inaishika shaba isizame. Bila yake, soda kostiki inageuza kila kitu kuwa uji wa samawati. Ongeza soda hiyo iliyoyeyushwa kwenye maji, taratibu, chombo kikiwa ndani ya maji baridi, hadi pH 12. Jaza maji hadi mililita 250.

Pasha hadi nyuzi 60. Anodi, ncha chanya, ni bamba la shaba, kathodi ni chuma cha pua kilichosafishwa, sentimita 10 za mraba. Kwa kuwa umeme wa mjini unakatika, tumia betri ya volti 12 na rezista ya kilo-omu 2.2: inatoa kama miliampea 5, na kwa saa moja unapata utando wa mikroni 2 hivi.

Utando mzuri una rangi ya tofali. Ukiona mng'ao wa waridi, hiyo ni shaba tupu: mkondo umezidi, au pH imeshuka. Suuza kwa maji safi, kausha bila moto mkali, maana ukiupasha sana hewani unakuwa CuO nyeusi.

Myeyusho uliochoka usiumwage mferejini. Urudishie asidi kidogo kidogo, tumbukiza misumari. Shaba itaganda juu ya chuma.