Gazeti la Ngurumo lisilo na tarehe: hatimaye selotepu imebanduka

Jana usiku, saa sita kasoro. Miezi minne nahangaika na kipande cha selotepu kisichozidi kidole!

Ukurasa wenyewe niliuokota soko la Memorial, hapa Moshi, umetandikwa ndani ya sanduku la bati la mzee anayeuza kufuli kuukuu. Ngurumo, ukurasa wa mbele. Aliyeutunza zamani, Mungu amsamehe, aliziba mpasuko kwa selotepu pale pale juu ya tarehe. Gundi imekuwa nyeusi kama chai iliyolala.

Mwaka haukunisumbua. Habari ya chini inaitaja Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na nchi hii iliitwa hivyo kuanzia 26 Aprili 1964 mpaka 29 Oktoba, jina la Tanzania lilipotangazwa. Miezi sita tu. Wakusanyaji wenzangu wa Arusha wanagombania gazeti la Uhuru la Februari 1967 lenye Azimio la Arusha, wagombanie. Mimi naitaka hiyo miezi sita.

Lakini siku gani? Mvuke uliivimbisha karatasi, nikaacha upesi. Friji iliikausha gundi vizuri, ila nilipovuta ilitoka na nyuzi za karatasi. Draya ya mke wangu inapeperusha kila kitu (na nimekatazwa kuigusa tena). Kilichofaa ni pasi ya umeme, moto wa chini kabisa, kwa nyuma, juu ya kitambaa cha pamba, huku nasukuma kwa kijiti cha mwanzi nilichokichonga mwenyewe. Visu vya chuma mniondolee. Chuma hakisamehi karatasi ya gazeti.

Ikabanduka. Na tarehe ikabanduka nayo.

Nilikaa kitandani kama mfiwa. Baadaye nikaigeuza ile selotepu, nikaishika mbele ya kioo cha kunyolea: wino umeng'ang'ania gundi, umepinduka. Nikasoma J kubwa, kisha ukungu, kisha tarakimu moja, kisha "Julai 1964". Tarakimu ni 3 au 8, upande wa kushoto umeliwa. Nikapiga hesabu: 3 Julai mwaka ule ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa haianzi na J. Tarehe 8 ilikuwa Jumatano. Nane! Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Mpango wa leo ulikuwa kuliogesha kwa magnesia ya tumbo iliyolala kwenye maji ya soda, kuua asidi inayoila karatasi, kisha kuziba mpasuko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya uji wa ngano. Sijagusa hata sufuria. Nina kurasa saba nyingine zilizokatika vichwa, mbili kati yake zimebakiza jina la siku, na tangu asubuhi nachora kalenda ya 1964 ukutani nizipigie hesabu ile ile.