Ndugu Mwenye Haki ya Kukomboa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili linatoka katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 1, mstari wa 18 na 19, ambapo mtume anawakumbusha waamini waliotawanyika katika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia kwamba walikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Miongoni mwa waliosomewa waraka huo walikuwamo watumwa wa nyumbani, maana katika sura ya 2 Petro anasema nao moja kwa moja. Watu hao hawakuhitaji kuelezwa kwamba binadamu anaweza kupangiwa bei, kwa sababu wengine walikuwa wameisikia bei yao ikitajwa mbele yao.

Sisi wa kusini mwa Tanzania nasi hatuna sababu ya kulisoma neno hili kama habari ya mbali. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilishuka mpaka Kilwa Kivinje, na watu waliopitishwa humo walivishwa kongwa, yaani mti mzito wenye panda, shingo ya mtu ikiingizwa katikati ya panda, kisha chuma au kijiti kikakazwa mbele ya koo, na mkia wa mti ule ukafungwa kwa mwenzake aliyetangulia au aliyefuata. Aliyejikwaa alimvuta mwingine. Walilala nao na kuamka nao. Ninaomba kila anayesoma Wagalatia 5:1, mahali tunapoonywa tusinaswe tena chini ya kongwa la utumwa, aupe mti huo uzito wake wote kabla hajaendelea na mstari unaofuata.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na waliokuwa wamekwisha kuokolewa, wengine kutoka katika majahazi yaliyokamatwa baharini, walikabiliwa na swali ambalo hati ya uhuru haikulijibu: waende wapi, kwa nani? Wengi walichukuliwa wakiwa watoto na njia ya kurudi kwao hawakuijua. Mwaka 1876 Edward Steere, askofu wa Kianglikana, aliondoka Zanzibar na kundi la watu wa namna hiyo, wakapitia Lindi wakaingia bara kwa nia ya kuelekea upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaiona nchi kuwa njema, na hapo wakakaa. Makanisa mengi ya Kianglikana ya ukanda wetu yana mizizi katika makazi yale ya watu waliokuwa wamepoteza jamaa zao na ambao sasa walipaswa kuitana ndugu.

Historia hiyo imenifundisha jambo ambalo mahubiri yetu huliacha nyuma mara kwa mara. Tunapotaja ukombozi tunasisitiza kutoka: kutoka dhambini, kutoka gizani, kutoka katika laana. Ni kweli tupu, lakini mtu aliyetolewa katika kongwa na kuachwa njiani bila wa kumpokea yu karibu kukamatwa tena kabla jua halijatua. Ukombozi wa Biblia una nusu ya pili, nayo ni kupokelewa na mtu anayesema, huyu ni wetu.

Angalieni Torati inavyoliweka jambo hili. Katika Walawi 25, Mwisraeli aliyefilisika akauza shamba lake, au hata akajiuza mwenyewe kwa mgeni tajiri, anakombolewa na jamaa yake: ndugu yake, au ndugu ya baba yake, au mwana wa huyo, au yeyote wa damu yake wa karibu. Mpita njia mwenye huruma hatajwi. Kwetu, ambako Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hili hueleweka upesi tukilitazama kwa mfano wa mjomba. Kijana akiweka rehani mikorosho ya ukoo kwa sababu ya ugonjwa au njaa, atakayeitwa kwenye kikao ni mjomba wake, na mjomba anayestahili jina hilo hataanza kwa kuuliza kijana alizitumiaje zile fedha. Ataanza kwa kuuliza deni ni kiasi gani na mwenye rehani yuko wapi. Anaingia kwa sababu damu yake imeguswa, na mikorosho ikirudi, kijana naye amerudi kikaoni.

Kitabu cha Ruthu kinaonyesha kwamba udugu peke yake hautoshi. Naomi, mkwe wa Ruthu, alikuwa na jamaa wa karibu kuliko Boazi, naye mbele ya wazee kumi langoni alikuwa tayari kulikomboa shamba la Naomi, mpaka aliposikia kwamba pamoja na shamba yuko Ruthu, mjane Mmoabu, na kwamba kumchukua kungeweza kuuharibu urithi wake mwenyewe. Akavua kiatu, ishara ya kuiacha haki yake, akajitoa. Boazi alikuwa na haki, alikuwa na uwezo, na zaidi ya yote alikubali hasara. Nadhani yule jamaa asiyetajwa jina si mtu mbaya. Alipiga hesabu kama sisi tunavyopiga, na hesabu ikamkatalia.

Hapa ndipo ninapoona sababu iliyomfanya Mwana wa Mungu azaliwe. Zaburi 49 inasema wazi kwamba hakuna mtu awezaye kumkomboa ndugu yake wala kumpa Mungu fidia yake, maana fidia ya nafsi ina gharama kubwa. Kwa hiyo ndugu tuliokuwa nao hawakuwa na uwezo, na Mwenye uwezo hakuwa wa damu yetu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, unasema kwamba kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye alishiriki yayo hayo, na kwamba haoni haya kuwaita ndugu zake. Alipata udugu Bethlehemu, na gharama akailipa Golgotha. Tusiitenganishe Krismasi na Ijumaa Kuu kana kwamba moja ni ya furaha na nyingine ni ya kazi.

Waamini wameuliza tangu zamani: fidia hiyo alilipwa nani? Baadhi ya walimu wa karne za kwanza, Origen akiwa mmojawapo, walisema alilipwa shetani aliyetushika mateka. Gregory wa Nazianzus, katika karne ya 4, aliikataa fikra hiyo kwa ukali, kwa sababu mnyang'anyi hana haki ya kulipwa, tena kwa malipo kama hayo. Baadaye Anselm wa Canterbury alifundisha kwamba kilichotimizwa ni heshima na haki ya Mungu mwenyewe. Mimi naona ni vema tukae karibu na namna Maandiko yanavyosema: yanamtaja aliyetoa, yanataja alichotoa na waliotolewa, lakini hayamtaji muuzaji. Katika Kutoka 6:6 Mungu anaahidi kuwakomboa Israeli kwa mkono ulionyoshwa, na Farao hakupewa hata shekeli moja. Isaya 52:3 inasema, "Mliuzwa bure, nanyi mtakombolewa bila fedha." Gharama ilikuwepo, tena kubwa kupita zote, ila aliyeibeba ni Mungu katika Mwanawe, wala dhambi haikupata faida yoyote kwetu.

Kukombolewa kwa mwili wetu, ambako Paulo anakutaja katika Warumi 8:23, bado tunakungoja, na wenye wagonjwa nyumbani wanajua kungoja huko ni nini.

Lakini kuna sehemu isiyongoja. Cecil Majaliwa aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akapata uhuru, akasoma, na mwaka 1890 akapewa daraja la ukasisi Zanzibar. Alihudumu Chitangali, huku kusini, akiwatumikia watu wa nchi ambayo wengi walikuwa wamepitishwa wakiwa wamefungwa. Aliyekombolewa alirudi kuwatafuta ndugu. Kwa hiyo nashindwa kunyamaza kuhusu kangomba. Tunaijua wote: miezi ya njaa inafika, unga umekwisha, na mwenye fedha anatoa kiasi kidogo kwa korosho ambazo bado hazijaonekana mtini, ili msimu ukifika azoe mzigo wenye thamani ya mara nyingi zaidi. Serikali imeipiga marufuku, lakini Mkristo ana sababu iliyotangulia marufuku hiyo. Katika Nehemia 5 watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka, na watoto wao wanatiwa utumwani, tena na Wayahudi wenzao. Nehemia anawauliza wakubwa inawezekanaje ndugu waliokombolewa kwa gharama kutoka kwa mataifa wauzwe tena na ndugu zao. Wakanyamaza, wasipate neno la kusema. Kisha wakakubali kurudisha mashamba, nyumba na sehemu ya fedha na nafaka waliyotoza, naye hakuridhika na maneno yao. Aliwaita makuhani akawaapisha.

Minada ya korosho inaendelea, na malipo ya vyama vya msingi vya ushirika yatawafikia baadhi yetu hivi karibuni. Kama kuna mpendwa miongoni mwetu mwenye daftari la kangomba, au aliyeshika mikorosho ya ndugu yake, namwomba aisome sura hiyo yote kabla ya Jumapili, akiwa na daftari lake mkononi, kisha aende kwa mwenye shamba wakae wazungumze, na akitaka mzee wa kanisa awepo kama shahidi, aseme tu, tutakwenda naye.