Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima kiwandani na sijafunga kitu

Saa 11:30 alfajiri naamka. Chai ya rangi na matobolwa aliyoniletea mama kutoka Magu, na saa 12:15 nipo kituoni Buhongwa. Foleni ya Mkuyuni siisimulii. Anayeishi Mwanza anaijua, na asiyeishi hana shida nayo.

Mimi ni mtu wa seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi nzima. Mtaani kwetu ukisema hivyo unaletewa simu iliyopasuka kioo, na shangazi yangu mpaka leo anawaambia watu natengeneza redio. Kazi yenyewe ni hii: ofisi ikinunua programu kubwa ya hifadhidata, ile inayobeba stoo, mishahara na mauzo yote, lazima apatikane mtu wa kuiandalia mashine kabla haijaingia. Kuifunga kwenye mashine si kama kuweka WhatsApp. Inataka nafasi yake kwenye diski, mtumiaji wake na mipaka yake. Ikikosa kimoja inagoma. Afadhali igome hapohapo kuliko ikubali kisha igome tarehe ya mishahara.

Leo nipo kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, upande wa ziwani, jina nabaki nalo. Programu ni Oracle Database 19c, na seva ina RAM (kumbukumbu) ya GB 32 na mfumo endeshi wa Oracle Linux 8, uliowekwa na fundi aliyenitangulia ambaye hapokei simu.

Saa 1:40. "Mwangaluka," mzee wa getini ananisalimu, kisha anafungua begi na kuhesabu nyaya zangu moja moja.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya maboksi. AC ipo, ila harufu ya samaki nayo ipo, na ukitoka hapo hata nywele zinanuka.

Saa 2:00 nimeshaingia kwenye mashine. Kitu cha kwanza huwa naangalia saa. Saa ya seva ilikuwa ya New York! Ndiyo inayokuja yenyewe wakati wa kuweka Linux, na fundi aliiacha ilivyo. Kipindi hiki tumewatangulia kwa saa saba, kwa hiyo samaki aliyepokelewa leo alfajiri angeandikwa kapokelewa jana usiku. Naweka Africa/Dar_es_Salaam, nawasha chrony iwe inairekebisha. Jina la mashine nalo lilikuwa localhost, nalibadilisha na kuliandika kwenye /etc/hosts pamoja na anwani yake, maana Oracle isipojua mashine inaitwaje haiendi popote.

Nikaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, na hapo ndipo siku ilipoharibika.

Diski ya karibu GB 800. Fundi alibonyeza "endelea, endelea" mpaka mwisho, na ukifanya hivyo Linux ya familia hii inatenga GB 70 kwa ajili ya mfumo, swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), na kila kilichobaki inakitupa kwenye /home, folda ya watumiaji. Mimi nataka nafasi kubwa iwe /u01, ndiko Oracle inakokaa. Swapu nayo ilikuwa pungufu kidogo, wakati kwa mashine yenye RAM inayozidi GB 16, Oracle wanataka swapu ya GB 16. Ingekuwa kupunguza tu /home, ni dakika kumi. Lakini imejengwa kwa muundo wa faili uitwao XFS, na XFS ukishaijenga unaweza kuiongeza, kuipunguza huwezi. Njia ni moja: toa vilivyomo, vunja, jenga upya.

Na vilivyomo sasa. GB 96 za video. Nikafungua folda: SENDOFU. KICHENI PATI. HARUSI KANISANI. HARUSI UKUMBINI MWISHO. Ni za binti wa mhasibu mkuu. Fundi alimwambia mama "huku hazitapotea", na mama akaamini.

Nikaenda ofisini kwake. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imeshaingia?"

"Bado, mama. Kuna video nahitaji kuzihamisha kwanza."

Akavua miwani. Alinieleza harusi ile mwanzo mpaka mwisho, akaniuliza nina uhakika gani hazitafutika, akampigia binti yake aliyeko Dodoma, binti akasema hana nakala nyingine, na simu ikawekwa spika ili na mimi nisikie uzito wa jambo. Kwa maana nyingine, seva ya milioni kadhaa ilikuwa inasubiri ruhusa ya bibi harusi. Ilipofika saa 4 ndipo dereva akatumwa mjini kununua diski ya nje. Akarudi saa 5:20 na ile ya mezani, yenye adapta yake. Faili mbili za ukumbini zilizidi GB 4 kila moja, na muundo iliokuja nao diski haubebi faili la ukubwa huo, kwa hiyo nikaifomati kwa ext4, muundo wa Linux, nikaanza kunakili. Tundu la USB ni la zamani, MB 30 kwa sekunde. Piga hesabu, ni karibu saa nzima.

Mama anapita. "Imeshaingia?" Mama anatuma mtu. "Mama anauliza imeshaingia?" Kijana wa stoo anakuja kuniambia printa ya mapokezi imekwama karatasi. Namwambia mimi si mtu wa printa. Ananiangalia kama nimemnyima maji. Nikaenda nikaitoa karatasi.

Nikiwa hukohuko umeme ukakatika. Seva iko kwenye UPS, haikutikisika. Ila adapta ya diski niliichomeka ukutani, kosa langu mwenyewe, wala simsingizii mtu. Jenereta iliponguruma nikaikuta kazi imesimama kwenye GB 61. Jasho! Nikashukuru kwamba nilitumia rsync, inaendelea ilipoishia. Nikaichomeka diski kwenye UPS, nikaanza tena, kisha nikalinganisha faili moja moja kwa sha256, alama inayoonyesha kama nakala ni sawa na asili, folda kwa folda, mpaka sendofu.

Nilikula saa 9 kasoro. Ugali na mapanki kwa mama lishe nje ya geti, na watu wa kiwandani wananitania: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mifupa tunakula sisi.

Baada ya kula nikavunja /home. Sijui niwaelezeje wasio wa kazi hii ile sekunde kabla ya kubonyeza Enter kwenye amri ya kufuta. Vidole vinakuwa vizito. Nikaangalia jina la patisheni mara tatu, nikabonyeza. Swapu GB 16, /home GB 20, zilizobaki zote /u01.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda yenyewe. Kuna kifurushi kinaitwa oracle-database-preinstall-19c. Nilikishusha kwa hotspoti ya simu yangu, bando langu, maana intaneti ya ofisi ilikuwa inachechemea. Kinatengeneza mtumiaji oracle, vikundi vya oinstall na dba, na kinaandika vipimo vya keneli, yaani kiini cha Linux: faili zinazoweza kufunguliwa kwa pamoja 6815744, semafoo (ishara za kupangiana zamu) 250 32000 100 128, milango ya mtandao kuanzia 9000 hadi 65500. Niliowakuta kwenye kazi hii walikuwa wanaviandika kwa mkono, na ukikosea sifuri moja unakesha. Bado huwa navipitia kwa macho.

Kurasa kubwa za kumbukumbu, yaani RAM iliyokatwa vipande vikubwa, nazitenga mwenyewe. Hifadhidata hii tutaipa GB 12 za RAM, kila ukurasa ni MB 2, kwa hiyo 6144 na chache za akiba. Zile ambazo Linux inazigawa kwa kujiamulia lazima zizimwe, Oracle haipatani nazo. Nikawasha mashine upya, nikakaa chini ukutani naangalia taa zinavyowaka. Mgongo unauma. Ilikuwa saa ngapi sijui, wa zamu ya mchana walikuwa wanavua magamboti.

Giza limeingia. Faili la Oracle lina karibu GB 3, nimelifungua moja kwa moja ndani ya makazi yake, ndivyo 19c inavyotaka. Nikaiambia ikague tu, isifunge. Ikagoma: INS-08101. Nilikuwa naisubiri hiyo. Toleo hili la 19.3 lilitoka kabla ya Linux 8, kwa hiyo haliitambui. Unaweka CV_ASSUME_DISTID=OEL7.8, unaiambia hii ni Linux 7.8, yaani unamvalisha mtoto sare ya kaka yake apite getini, halafu wakati wa kufunga unaiongezea viraka (marekebisho ya programu) vya 19.7 au zaidi ili mambo yawe halali. Nikaiendesha tena, ikakagua kila kitu, ikakubali.

Mama alikuwa bado ofisini, mkoba begani.

"Imeshaingia?"

"Imekubali kuingia, mama. Naifunga kesho asubuhi, haitazidi saa moja."

"Kwa hiyo kutwa nzima hujafunga?"

Nikamkabidhi diski yake ya harusi. Akaipokea kwa mikono miwili.

Nipo Nyegezi kwenye daladala, nimesimama, simu inaita. Ni mama. "Mwanangu, hii diski mbona TV inasema haina kitu?"

Ext4. TV haiijui ext4.