Presha yangu hupanda nikifika kliniki

Mama yangu alipatwa na kiharusi kwa sababu ya presha, kwa hiyo hospitalini nikishaona muuguzi ananyoosha mkono kuchukua ile mashine, moyo huanza kunidunda. Kliniki nilikuwa nikisoma 150/95, hata zaidi. Kwangu Buruburu, mashine ya jirani ikinipa 124/78. Sikuthubutu kupuuza namba za kliniki, wala kumeza dawa za maisha bila uhakika.

Daktari hakuniharakisha. "Mama, nenda ujipime nyumbani wiki nzima, asubuhi na jioni, kisha uniletee namba zote." Akanishauri ninunue mashine ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, tena yenye mkanda unaonitosha, kwa sababu mkanda ukibana mkono mnene namba hupanda bure.

Kujipima kuna adabu yake. Nilikuwa naamka, naenda haja kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Chai ilingoja. Nakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Napima mara mbili, nikipumzika dakika moja katikati, naandika zote mbili, hata ile isiyonipendeza. Watoto walijua wakati huo mama haongeleshwi, kwani kuongea nako hupandisha.

Daktari aliacha namba za siku ya kwanza, akapiga wastani wa zilizobaki. Nyumbani mpaka wa presha kuhesabiwa ya juu ni 135/85, kliniki ni 140/90. Mimi nilikuwa chini. Bado akanivalisha mashine inayojipima yenyewe mchana na usiku, saa 24. Ilinikaba mkono hata ndani ya matatu pale Jogoo Road, na usiku ikaniamsha, lakini ilistahili: wastani ulikuwa chini ya 130/80, ambao ndio mpaka wa mashine hiyo.

Sikupewa dawa. Nimepunguza chumvi, natembea, na bado najipima, kwa sababu wenye hali hii ya presha kupanda kliniki tu wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupata presha ya kweli baadaye. Kliniki sasa nafika mapema, nakaa nitulie, na namba ikiwa juu naomba kwa heshima nipimwe tena. Daftari langu huwa mkobani. Na wewe unayemeza dawa tayari, tafadhali usiziache kwa sababu ya hadithi yangu. Mpelekee daktari wako namba za nyumbani muamue pamoja.