Gramu 2,170: nilivyoiunda na kuishua Pegasus ya rimoti

Ukipunguza vipimo vyote vya manowari mara 100, uzito wake unapungua mara milioni moja. Wengi wanaounda mfano wa manowari wa kuendeshwa kwa rimoti huanza na mizinga na milingoti kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho. Mimi nilianza na mizani ya jikoni, na bado naona ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote katika kazi hii.

Niliichagua Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa mizinga na Königsberg ya Wajerumani mbele ya mji wa Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga inatengenezwa mitambo. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 95.6, upana mita 11.1, na sehemu yake iliyokaa chini ya maji ilikuwa kama mita 4.9. Uzito wake ulikuwa kama tani 2,170. Kwa kipimo cha 1 kwa 100, basi, nina chombo cha sentimita 95.6 kwa 11.1, na ruhusa ya gramu 2,170 tu, betri na rangi zikiwemo. Anayetaka kazi nyepesi aunde Königsberg yenyewe: kwa kipimo hichohicho ina upana wa sentimita 13 na inabeba zaidi ya kilo 3. Pegasus ni nyembamba, haikusamehe kosa.

Mkuku, uti wa chini wa chombo, niliukata kwenye plaiwudi ya milimita 6. Mataruma 18, yaani mbavu zake, yalitoka kwenye plaiwudi ya milimita 4, moja kila sentimita 5, na omo (mbele) na tezi (nyuma) nikaziba kwa vipande vya msufi, mbao nyepesi inayochongeka kwa kisu. Kila taruma nililitoboa katikati likabaki fremu ya upana wa sentimita moja. Mbao za ubavu ni vijiti laini vya milimita 2 kwa 7, karibu 18 kila upande. Vianike ndani siku tatu nne kabla ya kuvigundisha. Vikiingia na unyevu wa masika vitakuja kuachana vikikauka. Pia pachika kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku unapinda kama ndizi na hakuna dawa.

Kwenye faiba, yaani kufunika bodi kwa nyuzi za kioo na resini, ndipo nilipopoteza uzito kijinga. Mafundi wa matangi na boti hutumia mkeka wa nyuzi wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na ndio niliouziwa. Mfano huu una eneo la karibu robo ya mita ya mraba kasoro kidogo, na mkeka ule unakunywa resini mara mbili ya uzito wake. Tabaka moja tu liliongeza karibu gramu 290. Nililisugua lote kwa msasa, kazi ya siku mbili ya kuwashwa mikono, nikaweka kitambaa cha kufumwa cha gramu 100: gramu 80 tu, pamoja na resini. Kuhusu hadina, dawa ya kugandisha resini, weka gramu 1 kwa kila gramu 100 za resini na ufanye kazi asubuhi. Mchana wa kaskazi, ukiweka gramu 2, resini inaganda koponi ukiwa bado unachovya brashi. Na resini hii ya poliesta inayeyusha lile povu jeupe linalofungiwa televisheni kwenye boksi. Mimi nilijaza lita moja na nusu ya povu hilo omo na tezi ili chombo kisipotee kikijaa maji, lakini niliingiza baada ya faiba kukauka kabisa.

Mitambo haikunisumbua sana. Mota mbili ndogo za volti 12 nimeziendesha kwa volti 6 ili zizunguke polepole, kila moja na rafadha yake ya milimita 30 yenye mapanga matatu, moja ya kuzunguka kulia na nyingine kushoto. Zikizunguka upande mmoja zote mbili, chombo kinavuta pembeni hata usukani ukiwa katikati. Zote zinalishwa na kidhibiti kimoja cha mwendo. Kwenye mota moja nimegeuza nyaya. Kila mota ina kapasita yenye alama 104 kati ya miguu yake, la sivyo cheche zake zinaivuruga risiva (kipokezi cha ishara ya rimoti) na sevo (mota ndogo inayogeuza usukani) inatetemeka. Betri ni ile nzito ya risasi ya volti 6, saa-ampea 4.5, inayotumika kwenye taa za kuchaji. Ina gramu 740, nimeilaza ubavu juu ya mkuku, na inanisaidia pia kama farumi, yaani uzito wa chini wa kukituliza chombo, bila gharama ya ziada.

Kabla ya farumi, mizani ilisomeka hivi: bodi pamoja na sitaha gramu 560, mota 150, vyuma vya rafadha na usukani 110, betri 740, vya umeme vyote 120. Vya juu, yaani chumba cha nahodha, dohani mbili, milingoti, mizinga minane na mashua, nilivitengea gramu 210. Zikabaki 280 za farumi. Nilitumia machubwi ya mshipi (vipande vya risasi vya kuzamishia ndoana), nikayapondaponda kwa nyundo yakawa bapa. Usiyeyushe risasi jikoni, moshi wake ni sumu.

Beseni la kutosha mita moja halipatikani dukani, kwa hiyo nilichimba mchangani shimo la mita 1.2 kwa sentimita 40, nikatandika nailoni na kumimina maji ya mfereji. Kuna wanaoogopa kupima kwenye maji baridi kwa sababu bahari ina chumvi. Tofauti kwa chombo hiki haifiki milimita moja, achana nayo. Kinachofaa kukijua ni kwamba karibu gramu 75 zinakizamisha milimita moja, hivyo ukiona mstari wa maji umepanda milimita 2 unajua mara moja umezidisha kiasi gani.

Kukaa sawa juu ya mstari, lakini, hakuthibitishi kwamba kitasimama. Kipimo chenyewe ni hiki: bonyeza ukingo mmoja sentimita moja, achia, hesabu mayumbo kumi kamili huku ukitazama saa. Mara ya kwanza nilipata sekunde 19. Chombo kilikuwa kinalala, kinafikiri, halafu ndipo kinarudi. Fundi mmoja wa majahazi aliyekuwa akipita alisimama akatazama, akasema, "Kijana, chombo hichi hakina kifua, kitakwenda mrama." Nilimwamkia, nikamshukuru, nikakitoa majini.

Ubaya ulikuwa juu. Milingoti nilikuwa nimeifanya ya shaba nyeupe, gramu 46. Nikaiondoa nikaweka vijiti vya mishikaki, gramu 6. Mitutu ya mizinga, sentimita 4 kila mmoja, nikaifanya kwa mirija ya wino wa kalamu. Dohani nikazikata kwenye paipu nyembamba ya nyaya za umeme. Sekunde zikashuka hadi 14. Kisha machubwi, ambayo kwa uvivu nilikuwa nimeyapanga pembeni mwa betri, nikayashusha yakakaa kati ya mataruma, yakigusa mkuku, na uzito niliouokoa juu nikauongeza hukohuko chini. Sekunde 11 na nusu. Hapo nilitosheka. Zikishuka chini ya 8 chombo kinashtuka-shtuka kama sahani, hakina sura ya meli. Machubwi yagundishe kwa silikoni baada ya kipimo hiki, si kabla.

Kwa majaribio ya baharini, chagua siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Kwenye bamvua, siku za maji makubwa, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo wake unaweza kukimbia kuliko manowari yako. Nilikwenda pwani ya Maruhubi, mbali na bandari, asubuhi, maji yamejaa na kusimama, upepo haujaamka. Sheha, kiongozi wa mtaa, nilimweleza mapema, maana kitu cha kijivu chenye mizinga kinachotembea peke yake huleta maswali. Kumbuka pia kwamba wimbi halipungui kwa kipimo: la sentimita 10 kwa chombo hiki ni wimbi la mita 10. Nikiona mawimbi yanafika kiganja, narudi nyumbani.

Safari ya kwanza nilikifunga mshipi mwembamba tezi. Pia niliiwekea risiva amri ya kusimamisha mota ishara ikikatika, nikaijaribu ufukweni kwa kuzima rimoti. Antena iwe juu ya mstari wa maji, kwa sababu mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hayapiti majini.

Mwendo nilipima kati ya miti miwili iliyoachana mita 20, kwenda na kurudi ili mkondo ujifute. Wastani ulikuwa sekunde 23. Mwendo wa mfano ukizidishwa mara 10 ndio wa meli kamili, hivyo hizo ni kama noti 17 (maili za baharini kwa saa). Pegasus mpya ilikusudiwa kufika kama 20. Sikuongeza nguvu, kwa sababu omo ilikuwa tayari inarusha maji kwenye sitaha ya katikati, ambayo kwa meli hizi ipo chini kuliko omo na tezi. Mlango wa betri uko hapohapo. Nimeuwekea ukingo wa milimita 15 na mpira pembeni.

Kugeuka ndiko kulikokuwa kubaya: duara la mita 5 na zaidi. Rafadha mbili zinapitisha maji pembeni, na usukani wa katikati unakosa msukumo. Niliuongeza kutoka sentimita za mraba 9 hadi 14, kwa kipande cha bati chini ya maji ambako hakionekani, duara likarudi mita 3.

Nilipokifungua nilikuta vijiko viwili vya maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Nilizilaumu bomba za rafadha, nikazijaza grisi upya, na safari ya pili maji yakawa yaleyale. Nikapaka chaki ndani kote, nikakirudisha kwenye shimo la nailoni. Chaki ililowa kwenye bomba la usukani, ambalo mdomo wake wa juu ulikuwa milimita 4 tu juu ya mstari wa maji, na tezi huchutama chombo kikikimbia. Nililirefusha hadi milimita 20, nikatia grisi. Safari ya tatu ngama ilikuwa kavu, ila rafadha ya kushoto ilirudi imejizonga mwani.