Salim kapata kura 11 na bado kakosa

Muda wa António Guterres, Katibu Mkuu wa UN, unaisha 31 Desemba 2026 na mtaani kwetu huku Unguja vijana washaanza kubishana nani atachukua nafasi, wanahesabu nchi kama vile uchaguzi wa diwani, ati Afrika tupo 54, tukiungana sote mtu wetu anapita. Jamani hesabu siyo hiyo, na sisi Wazanzibari ndio tulitakiwa tulijue hili mapema kuliko wote maana lilimpata mtu wetu khasa.

Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim aligombea Ukatibu Mkuu. Huyu ubalozi kaanza Misri ana miaka 22, akakaa New York miaka ya sabiini yote, 1979 akawa rais wa Baraza Kuu, lile la nchi zote wanachama, na safari hii OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, wako nyuma yake. Mpinzani wake Kurt Waldheim wa Austria, keshakaa vipindi viwili anataka cha tatu. Jina linapitishwa kwanza na Baraza la Usalama, lina wajumbe 15 na zinatakiwa kura 9. Raundi ya kwanza Salim kapata 11, Waldheim 10. Si keshashinda? Wapi! Marekani kamkataa, na akikataa mmoja kati ya wale watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa), ndiyo veto hiyo, hata ukiwa na 14 hazikufai kitu. China nao wakamkataa Waldheim, basi ikawa wanapiga wanarudia, wanapiga wanarudia, China peke yake kamkata Waldheim mara 16, mpaka Desemba wote wawili wakakaa pembeni na akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Kinachoniuma mimi ni kuwa kura zile zinapigwa ndani, milango imefungwa, hakuna anayesimama kutoa sababu. Kwa hivyo mpaka leo watu wanarejea tarehe 25 Oktoba 1971, siku Baraza Kuu lilipoipa Beijing kiti cha China kilichokuwa cha Taiwan, Marekani hataki, kwa kura 76 dhidi ya 35, Salim akiwa mmoja wa waliolipigania jambo lile na wajumbe wa Tanzania wakashangilia wazi wazi ukumbini. Balozi wa Marekani pale alikuwa George Bush, yule baba, na 1981 keshakuwa Makamu wa Rais wa Reagan. Ongeza na misimamo ya Salim juu ya Palestina na makaburu. Yote hayo yanasemwa, lakini aliyekata jina hakulazimika kumueleza mtu yeyote.

Na msidhani ni mambo ya zamani ya vita baridi tu, maana 1996 Boutros Boutros-Ghali wa Misri, Katibu Mkuu aliyetaka kipindi cha pili, alipata 14 na moja tu ya kumkataa, ya Marekani, akaondoka.

Kuna kijana kaniuliza, "Sasa ami, si wabadilishe hiyo sheria?" Suali zuri, ila soma Mkataba wa UN kifungu cha 108: kuubadilisha inatakiwa theluthi mbili ya wanachama, na lazima wale watano wote wawemo. Yaani mwenye veto ndiye anayeulizwa kama veto iondoke. Afrika tangu 2005 tunadai viti viwili vya kudumu vyenye veto, mpaka leo hatuna hata kimoja. IMF, shirika la fedha la dunia, nako mambo ni yale yale, maamuzi makubwa yanataka asilimia 85 ya kura na Marekani peke yake anazo kama 16 na kitu, kwa hiyo kila kitu kizito kinapita akitaka yeye.

Ila lipo moja ambalo nikilifikiria nashindwa kuelewa kwa nini nchi zetu hazilipigii kelele kila siku. Mkataba hausemi popote kuwa Baraza la Usalama lipeleke jina moja tu kwa Baraza Kuu. Ni azimio la Baraza Kuu lenyewe, la Januari 1946, lililosema inapendeza lije jina moja, na azimio la Baraza Kuu hakuna mwenye veto juu yake, nchi 193 mle ndani kila moja ina kura yake. Walifute. Waseme tunataka majina mawili au matatu tuchague wenyewe, kwa kura, na serikali yetu ya Tanzania iwe ya kwanza kusimama kulidai.