Kambare wa sentimita 7, tangi la lita 200

Ukiuliza kwenye kibanda chochote cha samaki wa mapambo, jibu ni lile lile: "Huyu hakui sana bosi, anafuata ukubwa wa tangi." Huo ni uongo uliozeeka, na wengi wanaousema wanauamini kabisa. Samaki aliyebanwa hudumaa kwa sababu maji yake ni machafu na mwili wake haupumziki, wala hakuna mahali ndani yake panapopima vioo vya tangi lako. Dalili zake zinajulikana: uti wa mgongo uliopinda, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, mapezi yaliyolika, kisha kifo cha mapema.

Wanaoleta shida hii mara nyingi ni wanne. Wa kwanza ni kambare mkia-mwekundu (Phractocephalus hemioliopterus) wa mito ya Amazon na Orinoco. Ana mgongo mweusi, mstari mweupe ubavuni, sharubu ndefu na mkia unaowaka. Huuzwa akiwa na sentimita 6 au 7. Akilishwa vizuri, ndani ya miaka miwili anapita sentimita 60, na akikomaa anaweza kuzidi mita 1 na kilo 40. Wa pili ni pangasi (Pangasianodon hypophthalmus) wa mito ya Mekong na Chao Phraya, anayeuzwa kwa jina la papa kwa sababu ya pezi lake la mgongoni. Ndiye yule yule ambaye minofu yake iliyogandishwa hutoka Vietnam kuja kwenye friji za supamaketi. Anafika sentimita 130. Wa tatu ni pleko, mwenye magamba magumu kama silaha na mdomo wa kunyonya kioo, ambaye watu humnunua wakidhani atawafanyia usafi. Wa nne ni kambare wetu wenyewe, Clarias gariepinus, anayenunuliwa akiwa kifaranga kwenye vituo vya kutotolesha kwa sababu ni rahisi na anapendeza akiwa mdogo. Huyu naye anaweza kupita mita 1.

Kwa pleko kuna njia ya kumtambua kabla hujatoa pesa. Mwombe muuzaji amtikise kidogo mpaka afungue pezi la mgongoni, kisha hesabu vijiti laini vya pezi hilo. Vikiwa 10 au zaidi, huyo ni Pterygoplichthys, na unapaswa kumhesabia sentimita 40. Vikiwa 7 hivi, anaweza kuwa Ancistrus, ambaye haendi mbali zaidi ya sentimita 15, ila Hypostomus naye ana idadi hiyo na ni mkubwa. Tofauti ni kwamba Ancistrus dume akikua huota vinyama kama ndevu puani. Ukishindwa kuona ndevu kwa yeyote kati ya wale wakubwa waliomo kwenye tangi la muuzaji, usinunue.

Sasa chukua tangi ambalo fundi yeyote wa vioo atakutengenezea: urefu sentimita 120, upana 45, kina 45. Likijaa hadi ukingoni ni lita 243. Toa nafasi ya juu na mchanga, unabaki na lita 200 hivi. Watu hubishana kuhusu lita, lakini cha kutazama kwanza ni upana. Kambare wa sentimita 60 ndani ya upana wa sentimita 45 hawezi kugeuka bila kujikunja, na akijikunja kila anapogeuka, kila siku, misuli na mifupa yake hufuata umbo hilo. Kipimo ninachokisimamia ni upana usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa samaki aliyekomaa, na urefu wa tangi mara nne ya samaki. Kwa samaki wa mita 1 hapo una mita 4 kwa 1.5, na maji yakiwa na kina cha sentimita 90 ni lita 5,400. Huo ni uzito wa tani 5.4. Ukiwa unakaa ghorofani, swali hilo mpelekee mhandisi wa majengo, fundi wa vioo mwache apumzike.

Upana ukishindikana samaki anaonekana anateseka. Maji yakishindikana haonekani, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kambare wa kilo 1 anayekula asilimia 2 ya uzito wake hula gramu 20 kwa siku. Chakula cha punje cha kambare kina protini ya asilimia 40 hivi. Wafugaji hutumia hesabu hii: gramu za chakula, mara sehemu ya protini, mara 0.092, unapata gramu za amonia (sumu inayotoka kwenye taka za samaki), zikihesabiwa kama nitrojeni. Yaani 20 × 0.4 × 0.092, ambayo ni gramu 0.74. Amonia hiyo hutoka zaidi kupitia matamvua, kwa hiyo hata ukinyonya kinyesi chote kwa mpira bado imo ndani. Igawanye kwa lita 200 upate miligramu 3.7 kwa lita, kila siku.

Filta iliyokomaa, yaani iliyokwisha kuota bakteria, inaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti. Watu hufika hapo wakashusha pumzi. Lakini filta haiondoi nitreti, na zile miligramu 3.7 za nitrojeni ni sawa na miligramu 16 za nitreti kwa lita kwa siku. Kwa wiki ni 114. Ukibadilisha nusu ya maji kila Jumapili, kama vitabu vya wanaoanza vinavyoshauri, baada ya wiki kadhaa nitreti itatulia kwenye 230 hivi kabla ya kubadilisha na 115 baada ya kubadilisha. Kiwango cha kulenga ni chini ya 40. Kwa tangi hilo na samaki huyo, ili ubaki kwenye 40 inabidi ubadilishe asilimia 40 ya maji kila siku, yaani ndoo nne za lita 20, Krismasi na Idi zikiwemo. Na huyo ni samaki wa kilo 1 tu. Kambare wa kufugwa hufika nusu kilo hadi kilo moja kwa miezi sita hadi minane.

Amonia ina jambo jingine linalowahusu watu wa Pwani. Kwenye nyuzi 28 na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7, chini ya asilimia 1 yake iko katika hali yenye sumu kali. Kwenye pH 8, inazidi asilimia 6. Maji ya visima vinavyopita kwenye mawe ya matumbawe ni magumu na yana pH ya juu, kwa hiyo kosa dogo la filta ambalo mtu wa bara mwenye maji laini angelivuka salama, wewe litakuulia samaki usiku mmoja.

Kambare wetu ndiye anayedanganya kuliko wote. Ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, ndiyo maana bwawa likikauka hutambaa kwenda kutafuta jingine. Ndani ya tangi, maji yakiishiwa oksijeni, perege angekuwa ameshapanda juu akihema na wewe ungeshituka. Kambare anapanda, anameza hewa, anarudi chini, na unadhani mambo shwari. Kwa hiyo usimtumie yeye kama kipimo. Nunua kipimo cha matone cha amonia na nitreti, na upime kila wiki. Pia acha sentimita 10 za hewa kati ya maji na kifuniko, kisha kifuniko chenyewe kikazwe kwa vibanio. Tofali juu ya kioo halitoshi, litavunja kioo siku atakapokigonga.

Kuna uharibifu mwingine ambao huja bila kujali maji. Hita ya kioo huvunjwa na mkia, na umeme ukiwa ndani unaweza kukuua wewe. Weka ya chuma, au ifiche ndani ya bomba la PVC la inchi 3 lililotobolewa matundu mengi. Dar, Mombasa na Zanzibar hita haina kazi sana, ila Nairobi na Arusha usiku wa Julai huwezi kuikwepa. Mkia-mwekundu humeza kokoto, vipimajoto vidogo na vile vinyonyeo vya mpira vinavyoshikilia hita, kisha utumbo huziba. Tandaza mchanga laini au uache sakafu tupu. Mawe yakiwepo, yawe makubwa kuliko mdomo wake wa mwaka ujao. Samaki wenzake nao wapime kwa mdomo huo huo. Pangasi ana tabu yake mwenyewe: ni samaki wa makundi na ni mwoga, taa ikiwashwa ghafla hukimbilia kioo kwa pua. Vidonda vya puani havitapona kwa dawa wakati kinachovisababisha kiko pale pale. Funika pande tatu kwa karatasi nyeusi, washa taa ya chumba kwanza, ya tangi dakika kumi baadaye.

Dawa pia. Kambare wasio na magamba huathirika upesi na shaba na malakiti ya kijani, kwa hiyo anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kama tayari unaye na anakuzidi, kuna mambo ya kufanya wiki hii. Punguza chakula: mkia-mwekundu aliyepita sentimita 40 ashibe mara mbili kwa wiki, inamtosha. Moyo na mafuta ya ng'ombe acha kabisa, hurundikana kwenye ini. Badilisha maji kidogo kidogo kila siku badala ya mengi kwa mpigo, kwa sababu tangi lililozoea nitreti nyingi lina pH iliyoshuka, na kulijaza maji mapya ghafla huinua pH pamoja na makali ya amonia iliyokuwa imelala. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili au tatu, usiiwashe filta ya kopo iliyofungwa bila kuifungua kwanza na kumwaga yaliyomo, kwani bakteria waliokosa hewa humo ndani wameshaanza kuoza. Pampu ndogo ya hewa yenye betri inaokoa mengi hapo.

Kisha jenga. Kwa kambare wetu, bwawa la tofali na saruji la mita 3 kwa 2, maji yakiwa sentimita 80, linakupa lita 4,800 na ni la kudumu. Saruji mpya huipandisha pH, kwa hiyo lijaze na kulimwaga mara kadhaa kabla ya kuweka samaki. Kwa wenye uwanja mdogo, simtanki la lita 5,000 lililokatwa juu linafaa kwa muda, filta ikiwa pipa la lita 200 na pampu inayozungusha maji yote angalau mara moja kwa saa.

Siku ya kumhamisha usitumie wavu. Miiba ya mapezi ya kifuani ina meno, hunasa kwenye nyuzi, na ukimvuta unavunja mwiba au unachanwa mkono. Usimlishe siku mbili kabla. Shusha maji ya tangi hadi theluthi moja, laza pipa la plastiki ndani, mwelekeze aingie kichwa kwanza, liinue na maji yake, funika.

Asiende mtoni wala ziwani. Ziwa Victoria linajua kilichofuata baada ya sangara kuingizwa miaka ya 1950, furu wa aina nyingi wakapotea. Pleko waliotoka kwenye matangi wamefanya yao kwenye bwawa la Infiernillo nchini Mexico, ambako nyavu za wavuvi wa perege zilijaa wao, na mashimo wanayochimba kwa ajili ya mayai hubomoa kingo. Hata Clarias wa kituo asirudishwe, ingawa ndugu zake wako mtoni, maana hubeba magonjwa na mbegu iliyochanganywa. Huyo, kama hakupewa dawa, ana mahali pake kwenye sufuria na nazi.

Kwa wale wa kigeni wasiopata mwenye bwawa, kuna mafuta ya karafuu ya kuwalaza mpaka wafe bila kuteseka, yale ya chupa ndogo za Unguja na Pemba. Mililita 0.4 kwa kila lita ya maji, yatikise kwanza kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, ndipo umimine. Mwache nusu saa zaidi baada ya matamvua kusimama. Nyama hiyo hailiwi.

Na kama unachopenda ni sharubu zenyewe, wapo wadogo. Synodontis nigriventris wa Bonde la Kongo, yule anayeogelea chali, haendi mbali na sentimita 10. Synodontis petricola wa Ziwa Tanganyika ni wa kimo hicho hicho, mwenye madoa meusi na ukingo mweupe kwenye mapezi, na yale maji magumu ya visima vya Pwani yanayomsumbua mwingine, yeye anayataka. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 40 linawatosha sita, ukiwapangia mawe yenye mianya ya vidole viwili. Hao wawili usiwachanganye, maana nigriventris anataka maji laini.